Mwalimu Pipi na Jumamosi Tatu

Kwa miaka kumi na tisa nimekaa naye meza moja katika chumba cha walimu, mimi nikifundisha historia, yeye sayansi. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Pipi. Si kwa utamu wa maneno, maana ni mkavu kweli kweli. Jina linatokana na somo lake la wiki ya pili ya kila mwaka: pipi mbili nyekundu, glasi mbili, maji ya moto kutoka kwenye chupa yetu ya chai, na maji baridi ya bomba. Ipi itayeyuka kwanza? Andika dhanio lako, yaani unachofikiri kitatokea. Jaribu. Tazama. Andika ulichokiona, halafu useme umejifunza nini.

Kila mwaka majibu yalikuwa yale yale, kwa sababu madaftari ya kaka na dada zao yalikuwa bado nyumbani. Watoto walikuja darasani matokeo yamekwisha kuandikwa kwa wino, ndipo wakatumbukiza pipi. Alijua. Aliweka alama ya vema, akafungua daftari jingine, akaweka vema.

Nyumbani anaishi na baba yake, fundi saa mstaafu. Mguu wa kulia wa mzee ulikufa ganzi mwaka ambao mwenzangu alitimiza miaka thelathini. Wana vyumba viwili, korido, na mlango wa nyuma wenye ngazi mbili za kushukia uani, kilipo choo. Asubuhi humpeleka choo, humweka kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, kisha huja kazini, na mzee hainuki hadi arudi. Saa nane na nusu, kengele ikilia, huwa ameshashika mkoba. Mimi bado natafuta kofia yangu, yeye yuko getini.

Mara moja tu alilala nje ya nyumba hiyo. Ilikuwa semina ya siku tatu, miaka minne iliyopita, na kaka yake alikuja kukaa na mzee. Siku ya pili mzee alianguka kwenye korido akavunjika nyonga. Tangu hapo mwenzangu ana sentensi moja ambayo nimeisikia hadi nimeikariri: "Nikiondoka, baba anaanguka."

Kwa hiyo fomu ya masomo ilipokuja kwa mara ya tatu, mwaka mmoja chuoni katika mji mwingine, mshahara ukiendelea, niliifahamu hatima yake kabla hajaifungua bahasha. Mbili za mwanzo alizirudisha bila sahihi. Safari hii palikuwa na mstari chini ya ukurasa: mwombaji asizidi miaka arobaini na tano. Alikuwa na arobaini na minne na miezi minane. Fomu ilitakiwa kwa mwalimu mkuu ifikapo mwisho wa mwezi.

"Si uijaze tu," nilimwambia.

"Niijaze, halafu mzee nimweke wapi? Kwenye droo?"

Wiki hiyo hiyo ilikuwa zamu ya pipi. Nilikuwa darasa la jirani, ukuta mwembamba, nikasikia kicheko cha watoto arobaini kwa pamoja. Baadaye alinisimulia kilichotokea.

Kulikuwa na msichana wanayemwita Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi shavuni. Hana kaka wala dada, kwa hiyo hakuwa na daftari la kunakili. Aliandika alichokiona: pipi ya maji baridi imeisha kwanza.

"Mwongo huyo! Kakoroga, mwalimu!"

"Sijakoroga."

"Basi kaila!"

"Sijaila. Niliikata kwa meno tu, ilikuwa kubwa kuliko mwenzake. Nikaitia vipande."

"Si ndiyo kula kwenyewe huko!"

Mwalimu Pipi alishaweka kalamu nyekundu kwenye karatasi, tayari kuweka mkasi, alama ya kukosa. Akamweleza kama alivyowaeleza wengine miaka yote: umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Glasi moja ina maji baridi na pipi iliyovunjwa, nyingine ina maji ya moto na pipi nzima.

"Sasa mwalimu, nitajuaje kama ni maji au ni meno?"

"Hutajua."

"Hata nikifikiria sana?"

"Hata ukifikiria miaka minne," alisema, na hapo, aliniambia, akaikumbuka semina ile.

Kwa sababu kaka yake, zile siku tatu, alifanya mambo yake. Alikivuta kiti cha mzee katikati ya chumba ili waangalie mpira vizuri, mbali na ukuta ambao mzee huushika akiinuka. Tena alimletea zawadi, kandambili mpya, ngumu, zenye kuteleza kama sabuni. Yeye kuondoka, kiti kuhama, kandambili mpya. Mambo matatu. Naye akachagua moja, akajifungia nalo ndani.

Hakumwekea Kidoti mkasi. Hakumwekea vema pia. Alifunga daftari, akalirudisha hivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, alikuja kwangu. Kiti cha mzee kilikuwa pale pale ukutani, kandambili zile zile kuukuu miguuni, chakula kimeshaliwa, redio kituo kile kile. Kilichobadilika ni kwamba yeye hayupo; mzee akibanwa, aende uani mwenyewe. Alikaa jikoni kwangu, akaivua saa aliyotengenezewa na baba yake akailaza kifudifudi mezani. Nilimmenyea chungwa. Hakuligusa. Saa kumi na mbili alienda nyumbani karibu kwa kukimbia.

Jumatatu alinionyesha daftari dogo. Jaribio la kwanza: hakuanguka.

"Baba aliniuliza kama nimeshiba," alisema. "Nimeshiba nini? Sijui alidhani nimekwenda harusini."

Jumamosi ya pili: hakuanguka. Mwenzangu alikula chungwa zima na akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyekitumia mara kwa mara. Aliuliza bei ya godoro la bwenini. Fomu alikuwa ameijaza kwa penseli, kila mahali isipokuwa sahihi. "Majaribio matatu," alisema. "Mawili hayatoshi, nawaambia watoto kila siku."

Jumamosi ya tatu, siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, nilimsindikiza. Tulimkuta mzee kwenye kiti chake, wima kama aliyepigwa picha, mikono kwenye magoti. Hakuwa ameanguka. Redio ilikuwa ikiimba. Kisha tukaisikia harufu, na tukaona suruali yake iliyolowa hadi magotini, na kitambaa cha kiti kilicholowa chini yake.

"Baba, kwa nini hukwenda uani?"

"Sikubanwa."

"Baba."

Mzee aliniangalia mimi kwanza, kwa aibu, halafu akamgeukia binti yake. "Nisipoinuka sianguki, mama. Niliona daftari lako. Nikasema nisikuharibie hesabu."

"Na zile Jumamosi mbili?"

"Hizo nilijikaza. Leo nilikunywa chai nyingi, upumbavu wangu."

Mwenzangu alikwenda kuleta beseni. Nilibaki na mzee, sikujua niangalie wapi. Kutoka uani hakukuja sauti ya kulia. Ilikuja sauti ya maji yanayojaa beseni, yakafurika, yakaendelea kufurika.

Jumapili alimpigia kaka yake simu, akamwomba aje kukaa na mzee, kiti kikibaki ukutani. Kaka alisema, "Tutaona." Jumatatu mwalimu mkuu aliipokea fomu, akaitazama sehemu ya sahihi ilivyo tupu, akaitia kwenye bahasha ya ofisi ya elimu. Maandishi ya penseli mwenzangu hakuyafuta. Miezi minne baadaye alitimiza miaka arobaini na tano. Tulimletea keki ya dukani, akaikata vipande sawasawa kabisa.

Hata hivyo Jumamosi hazikukoma. Alimwambia mzee, nami nipo: "Ukibanwa, nenda. Ukianguka, anguka, nitakuokota. Ila usinipe jibu ulilolipika." Mzee akasema wanafunzi wa binti yake wana kazi.

Mpaka leo anakuja kwangu saa nane. Hatuongei sana. Saa inalala kifudifudi, chungwa linaliwa. Juzi nilimsindikiza tena, na nikaona kitu ambacho nadhani hufanya kila wiki. Alifika mlangoni, akashika kitasa, hakukifungua. Alisimama akisikiliza. Ndani kandambili ziliburuzwa kwenye sakafu, zikapumzika, zikaburuzwa tena, zikaufikia ukuta. Kiti kililia.

"Ni wewe?" mzee aliuliza.

"Ni mimi."

"Andika: uani nimekwenda mara mbili. Na ngazi zote nimeshuka mwenyewe."

Akatoa daftari kwenye mkoba, akaandika amesimama pale pale, upande wa nje wa mlango. Niliona ni mstari wa thelathini na moja. Kisha akaingia.