Kifuniko cha Pampu na Msumari wa Mlango

Nimeshajicheka mwenyewe, basi nanyi chekeni. Mimi ni fundi wa milango. Hapa Langoni nafua misumari ya shaba yenye vichwa vipana, na tundu likienda kombo, kichwa cha msumari hulifunika na mwenye nyumba akanisifu.

Juzi Bwana Athmani alinitaka nimfanyie kifuniko cha pampu, kwa kuwa cha zamani kilipasuka na mashua yake ya moshi ilikuwa imekwama Ras Kitau.

"Utaweza?"

"Matundu tu hayo, Bwana."

Pampu ilikuwa na bolti nane zilizosimama kwa duara. Nilipima nafasi kati ya mbili za kwanza, kisha kwenye kifuniko nikapima na kutoboa kila tundu kutoka kwa jirani yake, kila mara nikiongeza upana wa uzi ili bolti ipumue. Kumbe nyuzi zikikusanyika huwa kamba! Nilipoivika pampu kifuniko kule mashuani, matundu mengine yaliingia kwa nyundo, la mwisho likakataa katakata.

"Sishindwi na tundu," nikasema. Nikalipiga tupa mpaka likameza bolti pamoja na nati yake. Bado sikukubali. Nikalifunika kwa kichwa cha msumari wa mlango, nikakigandisha kwa lami, nikakisugua kikang'aa.

Bwana Athmani akaja na kanzu nyeupe, akainama kukitazama. Mashine ikawashwa. Kichwa kikaruka, maji yakamvaa usoni na kifuani.

Akajipangusa uso polepole.

"Fundi," akaniambia mbele ya mabaharia wake wote, "mlango ni mzuri, lakini umeuwacha wazi."