Viroboto Juu ya Maji ya Katwe

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya miguu ya mtu nisiyemjua. Mbusa, mwalimu mwenzangu wa fizikia aliyeko Bwera, magharibi mwa Uganda, alinitumia picha ya miguu ya dada yake, Biira: vidonda kutoka vidoleni hadi magotini. Biira ana kidimbwi cha kuvunia chumvi kando ya ziwa la Katwe. Mvua ikinyesha, maji matamu hupenya na kuizimua chumvi, naye huingia humo kupapasa yanakopenyea. Mimi na wanafunzi wangu tulikuwa tumeunda roboti zinazoelea, kila moja kama ukucha wa dole gumba. Hazina betri. Waya wa shaba unaotandikwa ukingoni na kuunganishwa na betri ya gari huzirushia nguvu, simu huziongoza, nazo hupima ukali wa chumvi. Wanafunzi waliziita viroboto.

Kasese nilifika mifupa ikiniuma, baada ya mabasi ambayo sasa siwezi kuyatofautisha. Kutoka hapo nikaendelea hadi Bwera. Mbusa alinipokea kwa chai ya tangawizi, tukavijaribu viroboto kwenye beseni. Viliogelea vizuri mno.

Asubuhi tulielekea Katwe kwa pikipiki, na kabla ya mji wa Kinyamaseke askari alitusimamisha. Aliona waya, betri ya gari na simu, akarudi nyuma kama aliyeona bomu.

"Shuka! Mikono juu! Hii ni nini?"

"Ni vitu vya shule, afande," Mbusa akajibu.

Tulikaa juani mpaka mkubwa wake alipokuja. Nikaweka kiroboto kwenye bakuli la maji, kikazunguka. Mkubwa alitazama bila kucheka. "Pita. Haraka."

Katwe tulifika mchana, harufu ya yai bovu ikitupokea kabla ya watu. Biira alitusaidia kutandika waya.

"Hizi iko na roho?" aliniuliza.

"Hapana, dada. Zinasukumwa na waya huu."

Tukaviachia. Upepo ukaja, ukavisukuma hadi katikati, nguvu ya waya isikofika, vikazimika. Kabla sijasema neno, Biira alikwisha kunja gauni na kuingia majini kuviokota.

"Toka, dada! Viache!"

"Mwalimu, umetoka mbali na hizi. Nitaziacha namna gani?"

Nikavua viatu, nikamfuata. Maji yaliichoma michubuko ya viatu miguuni mwangu kama pilipili. Nilikuwa nimeleta chombo cha kumtoa majini, kumbe nimempa sababu nyingine ya kuingia. Tulipokwisha kuviokota nilikaa ukingoni, nikalia kwa uchovu. Mbusa akajifanya anakagua betri.

Jioni upepo ulitulia. Mimi nilishakata tamaa, Biira ndiye aliyesema, "Moja tu, basi." Tukaachia kiroboto kimoja. Kilikwenda polepole kikiambaa ukingo, na kwenye kona ya mbali namba kwenye simu zikaanza kushuka: hapo chumvi ilikuwa imezimuliwa. Biira akazunguka kwa nje, juu ya ukingo, akachota tope, akaziba. Kisha akajitazama miguu.

"Hii mara iko kavu," akasema.

Safari ya kurudi, nililala karibu njia yote. Nilichojifunza ni kwamba chombo kisichojua kurudi chenyewe humlazimisha mtu kukifuata. Sasa tunajaribu kuvifundisha viroboto kugeuka mapema, nguvu inapoanza kufifia. Bado havijaweza. Siku za upepo, Biira anaingia majini.