Upepo wa Lori Letu Ulipimwa kama Sukari

Nimewahi kumwona mtu akitoa upepo kwenye tairi za lori lililombeba mama mwenye uchungu. Aliutoa taratibu, huku anatabasamu.

Mpaka leo sijamsahau.

Ilikuwa mwaka sabini na nne, kwenye kijiji chetu cha ujamaa karibu na Ipole. Mimi Getruda nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Wifi yangu Minza alishikwa na uchungu tangu jana yake, mtoto kakaa vibaya, mkunga akasema hapa mimi sina langu tena, mpelekeni Tabora.

Lori la kijiji lilikuwepo, jipya kabisa. Dereva wetu Abbasi akaliwasha, tukampakia Minza juu ya magunia.

Akatokea Raymundi, katibu wa kijiji. Ndiyo kwanza karudi kwenye semina ya vipimo vipya, basi tulikuwa hatupumui. Kila kitu kilo, kila kitu lita.

"Zima. Tairi hazijakaguliwa."

Kitabu cha lori kilitaja upepo kwa kilo: tano. Geji ya Abbasi ya kupimia upepo ilikuwa ya zamani, ya paundi. Ikasoma sabini na moja.

Raymundi akacheka. "Kilo moja ni paundi mbili na kidogo. Hata muuza sukari anajua. Kilo tano ni paundi kumi na moja. Mmejaza sabini? Tairi hizi ni mali ya umma."

Sasa hiyo si hesabu ya sukari jamani? Kilo ya kwenye tairi ni mgandamizo juu ya sentimita moja ya mraba. Paundi ni juu ya inchi moja ya mraba, na inchi hiyo inaizidi sentimita zaidi ya mara sita. Ukipiga vizuri, kilo moja ya upepo ni paundi kumi na nne na kidogo. Yaani lori lilikuwa sawasawa. Haya niliyajua baadaye sana.

Akaanza kutoa upepo.

"Ndugu katibu, si unaona zinavyolala?" Abbasi akamwambia.

"Macho hayapimi, ndugu. Geji ndiyo inapima."

Nilimpigia magoti. Akanishika mkono niinuke, kisha akahamia tairi iliyofuata. Alipomaliza akaifungia pampu ya lori stoo, ati Abbasi asije akajaza tena njiani.

Tukaondoka hivyohivyo, na kabla hatujafika Sikonge tukasikia harufu ya raba inaungua. Tairi moja ikapasuka, ya pili ikafuata. Minza alijifungulia palepale mchangani, mtoto wa kiume.

Hakulia.

Raymundi alikuja kwenye msiba wa mtoto na pikipiki yake. Akala ugali wetu, akaomba aongezewe mchuzi, akatuambia hesabu ilikuwa sahihi ila barabara ndiyo mbovu. Nilimwangalia anavyolamba vidole.

Wakati wa kuondoka akainama, akabonyeza tairi ya pikipiki kwa kidole gumba. Ilikuwa ngumu, akaridhika.

"Katibu, mbona hiyo huipimi kwa geji?" nikamuuliza.

Akapanda, akawasha.

"Hii ni yangu, dada."

Ndugu zangu, mtu akikuletea hesabu zake, muulize kwanza kama anazitumia kwenye cha kwake. Akisita, mchukue mgonjwa wako uondoke.