Mama mkwe ameitoboa mipira yangu ya matone

Jamani, leo nimelia shambani kama mtoto.

Mama mkwe amekuja Nyasura kutusalimia, katokea Butiama. Asubuhi nimemwacha nyumbani, nikaenda sokoni.

Narudi, tenki linalopeleka maji kwenye mipira ya kumwagilia ni tupu. Maji ya wiki nzima ya stroberi zangu! Mistari ya karibu na tenki ni matope, ya mwisho mikavu kabisa.

"Mwanangu, hii mipira inatoaga tone tone, kama mnamnywesha mgonjwa," akaniambia, msumari wa moto mkononi. "Nimevipanua vitundu vyote. Mgongo unaniuma, lakini nimemaliza."

Vyote!

Akatabasamu, akasubiri nimjibu.

Nikasema, "Asante, mama."

Sasa amelala, amechoka. Mimi niko hapa natazama maua ya kwanza yakinyauka. Nyie mngemwambia ukweli?