Maua ya Shaba Nyuma ya Jiko

Treni iliyotutoa Mwene-Ditu ilinuka mawese na samaki wakavu, na tulikaa juu ya vifurushi muda mrefu hivi kwamba niliposhuka Likasi niliona ardhi bado inayumba. Hapo harufu ya treni ilikatika, ukaja moshi wa kiwanda, mkali kama kiberiti kilichowashwa puani. Ulikuwa katika nguo, katika ugali, hata katika nywele za baba alipotukumbatia, mimi na mama. Yeye alikuwa ametutangulia akapata kazi ya kubeba magunia kiwandani, akatupangia vyumba viwili kwa Papa Edmond, mzee aliyezunguka vilimani na wapima madini mpaka alipostaafu. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Nimeishi miji mingi tangu hapo, na hakuna hata mmoja ninaoukumbuka kwa hasira kama ule.

Mama alikuwa mkulima. Alipanda maharage nyuma ya jiko. Yakachipua, yakageuka manjano, yakafa. Matembele nayo yakafa. Majirani walisema ni moshi, nasi tukaamini. Kisha siku moja alipokwenda kutafuta kuni upande wa Kamatanda, aliona juu ya mawe ya kijani, mahali ambapo hata nyasi zimeshindwa, mimea midogo iliyojikunja ardhini kama mito ya kuchomekea sindano, imejaa maua ya zambarau. Alichimba mmoja pamoja na udongo wake, akaufunga katika kitenge, akauleta nyumbani kama mtu aliyeokota mtoto.

Kuitunza mimea ile kulitaka mkono unaojua kujizuia. Mama alirudi kuchimba mingine, akaiweka katika makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini, kwa udongo wa kilimani peke yake. Jirani aliyeomba kopo moja, akaihurumia mimea akaipa samadi ya mbuzi, aliiona ikioza kabla wiki haijaisha. Mama aliizungushia changarawe shingoni ili mvua isiozeshe mashina. Wakati wa kiangazi hakuipa hata tone la maji, ikanyauka ikawa rangi ya majivu, nami nikadhani imekufa. Lakini mizizi ilikuwa hai chini, na mawingu ya kwanza yalipokusanyika ikafumuka upya. Baba alikuwa akimtania: "Mama Kalala, hii maua yako tutakula lini?" Naye bila kugeuka: "Weye kula moshi yako, uniachie maua yangu."

Mvua za mwaka wa pili mimea ilichomoza yenyewe nyuma ya jiko, palepale maharage yalipofia, ikatandaza zulia zito la zambarau. Mama alifurahi mno. Aliamini ni kazi ya mikono yake. Akawagawia majirani wa avenyu nzima, wakaiotesha nyuani mwao, na kwa wengi ikashika.

Papa Edmond alikuja Jumapili baada ya misa. Mama akamwekea kiti na kikombe cha munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi.

"Eeh, Mama Kalala! Uko na mukono ya baraka. Hii ya chini, ulipanda weye?"

"Hapana, Papa. Ilijiotea yenyewe."

"Yenyewe?" Alichuchumaa, akaigusa kwa ncha ya fimbo, akacheka. "Uichunge muzuri, mwanangu. Batoto basiikanyage."

Siku chache baadaye alirudi kusema mwanawe anaoa, anaitaka nyumba. Baba alimsihi angoje mvua zipite, kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda. Alikataa kwa upole, huku akitabasamu. Yule mwana hakuoa. Tulikuwa bado tunafunga vifurushi wakaingia vijana wenye machepe na mitarimbo, Papa Edmond nyuma yao, wala vijana hawakuuliza wachimbe wapi. Walikwenda moja kwa moja kwenye maua. Shimo halijafika magoti, likatoka jiwe la kijani kibichi.

Mama alisimama na sufuria mkononi. "Papa, ulijua?"

"Hii maua inapendaka shaba. Nilijua."

"Na ukakunywa munkoyo yangu, ukaniambia niichunge?"

"Sasa ningekuambia, ungetoka?"

Baba angeweza kumpiga. Hakumpiga. Mpaka leo sijui kama namshukuru au namlaumu. Kinachonichoma si jiwe lile, wala hata nyumba. Ni zile sifa, na jinsi mama alivyotabasamu alipozipokea.

Mwaka juzi nilipita pale. Jiko halipo, kuna shimo lenye maji mekundu, na nyuma ya nyumba nyingi yamefunikwa mengine kwa maturubai. Enzi zetu alikuwa mzee mmoja mwenye fimbo. Sasa ni vijana wanaotembea avenyu kwa avenyu wakichungulia juu ya kuta, na wakiona zambarau hubisha hodi kwa adabu kubwa.

Siku tuliyoondoka, lori la makaa lilitupakia asubuhi kwenda Lubumbashi. Mama hakulia. Lilipoanza kutembea alisimama juu ya magunia, akashika chuma, akawapigia kelele wanawake waliokuwa wakifagia milangoni: "Mung'oe maua! Yote! Muing'oe leo!" Walimpungia mikono. Mmoja akacheka, akamwambia mwenzake kwamba Mama Kalala ana wivu, hataki wabaki na kitu chake. Mama aliendelea kupiga kelele, nyumba baada ya nyumba, mpaka avenyu ikaisha.