Ruksa Kuiga, kwa Masharti

Siku Matonya alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa vyuma chakavu wa Mwanne, Chang'ombe, alieleza kazi ya bomba kabla ya kuuliza bei yake. Mwanne, aliyeanza kwa kuokota misumari na sasa akinunua malori mabovu mazimamazima, akamwona papo hapo kuwa mteja mtamu. Mtu akishakwambia anakitaka sana, utampunguzia ya nini?

"Nataka kukamulia alizeti, mama," alisema Matonya, fundi wa kuchomelea kutoka Hombolo. "Kwa mkono. Kina mama kule wanabeba magunia hadi mjini, na mwenye mashine anabaki na nusu ya mafuta."

"Pole yao. Bomba nene ni hilo, na halipungui."

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila mtu na kibanda chake, na neno mdomoni ni ruksa. Mwanne alipoiona mashine yenyewe ikichuruzisha mafuta, akanunua mabomba yote ya mradi wa maji uliokufa, akayarundika uani, ndipo akamfuata fundi.

"Tuwe wawili tu. Wewe utengeneze, mimi niuze. Asijue mwingine vipimo."

Matonya akatikisa kichwa. "Mikono yangu hii itafika vijiji vingapi? Nataka kila fundi aitengeneze. Nisipopata wa kuiga, mashine itazeekea hapa pamoja na mimi."

Akakata vipande vya bati kwa umbo la kila chuma cha mashine, akavitundika mnadani, siku ya gulio, ili fundi yeyote avilaze juu ya chuma chake, azungushe chaki, aende akakate. Akawa anaita: "Chukueni, bure! Bure kabisa!"

Hakuchukua mtu. Loisi, fundi mwenye jina pale mtaa wa Kikuyu, akasimama na kuzipindua bati zile kwa kidole.

"Kizuri chajiuza, ndugu yangu. Unakitembeza bure, basi nacho ni cha bure."

Watu wakacheka. Mnada uliofuata ikawa vilevile, na mabomba ya Mwanne yanaota kutu.

"Fundi, neno lako ndilo linalokuangusha," Mwanne alimwambia. "Nikikuita mtu bure, nimekusifu? Mganga akikupa dawa isiyo na masharti, utainywa?"

"Nitaimwaga."

"Basi weka masharti."

"Ya nini? Sitaki kitu chao."

"Si kitu. Ni kukataa siri, kama ulivyonikatalia mimi. Atakayeiga asifiche: naye atundike bati mlangoni kwake. Na akigundua cha kuiboresha, akilete."

Mnada wa tatu palisimama ubao: RUKSA KUIGA, KWA MASHARTI. Mwanne hakuita mtu. Aliweka karai motoni palepale mnadani, kina mama wakakamua mbegu zao wenyewe, wakakaanga maandazi kwa mafuta hayohayo. Harufu ikafanya kazi yake. Loisi akajisogeza, akanyoosha mkono kwenye bati.

"Taratibu, kaka," Mwanne akamzuia. "Hizo zina masharti. Wewe huyawezi."

"Yapi hayo?"

"Asiwe mchoyo. Sasa wewe, Loisi..."

Safari hii alichekwa yeye. "Nani mchoyo?" akasema. "Lete hizo bati."

Alipochora yeye, wakapanga foleni waliomcheka Matonya. Hadi mavuno, bati zilikuwa zinaning'inia Bahi, Kongwa, Mpwapwa. Fundi mmoja wa Manyoni akaleta mpini mrefu zaidi, mwepesi kwa akina mama. Rundo la Mwanne likaisha lote, japo kuuza peke yake alikukosa, kwani wauza vyuma wengine nao walishtuka. Matonya alipoteza wateja wa mjini, maana Loisi alikuwa na mkono mzuri kumshinda. Lakini Hombolo hakuna tena aliyebeba gunia.

Mwanne alipokwenda kwao Kolo, mbali zaidi ya huko kote, aliikuta mashine uani kwa mama yake mdogo. Akauliza imetoka wapi.

"Ya hapahapa," akajibiwa. "Imebuniwa hapa."

Akamrudishia Matonya habari hiyo, akitazamia atakasirika. Fundi akaweka koleo chini.

"Kolo? Imefika Kolo?" Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.