Jaribio la Saba

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye zahanati moja hapa Wote, ambapo kompyuta mpya ya kutunza kadi za wagonjwa ilikuwa ikijaribiwa. Fundi wa programu aliwagawia wakazi waliojitolea kuijaribu karatasi mpya yenye orodha ya majaribio. Yote yalifaulu, naye akatabasamu kupita kiasi.

Mama mmoja wa Mbooni alitoa mkobani karatasi ya mwezi uliopita, akaziweka mbili hizo pamoja, akapitisha kidole.

"Kijana, jaribio la saba limeenda wapi?"

"Hilo ni la zamani, mama. Tumeboresha orodha."

"Kwa kulitoa?"

Fundi akaanza kupanguza miwani. "Lilikuwa linakataa kila mara."

Mama alimwomba nesi alifanye palepale: aandikishe wagonjwa wawili wenye jina moja, mmoja ambaye penisilini humdhuru. Kompyuta ikawafanya mtu mmoja, na onyo la dawa likapotea.

"Ningemdunga penisilini," nesi akasema polepole.

Fundi aliondoka na kompyuta yake. Karatasi zote mbili alibaki nazo mama. Nami siku hizi nikiambiwa kitu kimeboreshwa, nauliza kwanza ni nini kilichotolewa.